Hewa Iingie, Kelele Ibaki Nje: Makadirio ya Dirisha Lipitishalo Hewa

Katika mji wenye joto, mwalimu afundishaye kando ya barabara kuu huchagua kati ya maovu mawili: kufunga madirisha na kuwanyima wanafunzi hewa, ama kuyafungua na kukaribisha ngurumo za malori. Zinazoumia kwanza ni konsonanti. Irabu zina nguvu; lakini tofauti ya paka, taka na kaka hutegemea mshindo mdogo wa midomo au ulimi, nao humezwa upesi. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele ndani ya darasa isizidi desibeli 35 wakati wa masomo. Je, yaweza kujulikana, kabla fundi hajakata mbao, dirisha fulani litazuia kelele kiasi gani?

Hesabu ya msingi si ngumu. Kila zinapopungua desibeli 10, nguvu ya sauti ipitayo hubaki sehemu moja ya kumi. Kioo kipunguzacho desibeli 30 hupitisha sehemu moja ya elfu. Uwazi mtupu huhesabiwa kuwa wapitisha yote. Lichukuliwe dirisha la mita mraba 2 ambalo sehemu yake ya kumi imeachwa wazi. Kioo huchangia 0,0009 na uwazi 0,1. Jumla ni 0,1009, yaani upungufu wa desibeli 10 hivi. Kikiwekwa kioo bora cha desibeli 40, jumla huwa 0,10009: sikio halitambui lolote, na fedha imekwisha kutoka. Uwazi ukipunguzwa nusu hupatikana desibeli 3 zaidi, lakini na hewa hupungua.

Ndipo likabuniwa dirisha la vioo viwili vilivyopishana. Hewa huingia chini ya kioo cha nje, hupanda kati ya vioo, hutokea juu ya kile cha ndani. Hong Kong na Singapore, penye maghorofa yaliyosongamana na barabara, limekwisha kujaribiwa. Hapa hesabu ya kwanza haitoshi, kwa kuwa uwazi si tundu tena, ni njia. Wimbi la sauti la hezi 100 lina urefu wa mita 3,4 hivi. La hezi 2000, sentimita 17. Lile refu hupita mwanyani kama maji mferejini. Lile fupi hugongagonga kuta, na kuta zikivikwa pamba ya madini hudhoofika kila ligongapo. Kwa hiyo hukadiriwa kila tabaka la sauti peke yake, kwa kuzingatia urefu na upana wa njia na kile kilichozivika kuta zake. Kisha kanuni ya kimataifa ISO 717-1 hukusanya matokeo katika namba moja, pamoja na sahihisho la magari ya mjini, ambayo kelele yake ni nzito. Namba itajwayo bila sahihisho hilo humfaa muuza madirisha kuliko msikilizaji.

Kwa vyumba vyenye madirisha ya vibao vya kioo, hesabu ile ya kwanza yatosha. Hata vikifungwa, nyufa zikifikia asilimia 1 ya eneo lote, upungufu hauvuki desibeli 20, kioo kiwe kinene namna gani.