Mtego wa Buluu na Kichaka Chake

Mgeni anayeingia Hifadhi ya Taifa ya Saadani kwa upande wa Mkwaja huonywa mapema: usivae buluu wala nyeusi, mbung'o watakuandama. Onyo ni sahihi. Buluu humvuta mbung'o kutoka mbali, nyeusi humshawishi atue. Lakini haya yalijulikanaje, ilhali mbung'o hasemi?

Yalijulikana kwa vitambaa, fito na kuhesabu. Mtafiti hushona mitego ya umbo moja na ukubwa mmoja, rangi ndiyo itofautiane, akaisimika porini na kuhesabu walionaswa. Kazi nyepesi kwa kuitazama, na hapo ndipo wengi huteleza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtego wa buluu umewekwa kando ya kichaka, mweupe umewekwa mbugani. Jioni wa buluu una mbung'o 40, mweupe 10. Mwenye haraka atatangaza kwamba buluu ni bora mara nne. Mtafiti hatangazi chochote. Kesho yake anabadilisha, wa buluu uende mbugani na mweupe uje kichakani. Sasa wa buluu unapata 16, mweupe 28. Jumlisha: buluu 56, nyeupe 38, kichaka 68, mbuga 26. Kumbe rangi imeongeza mara moja na nusu tu hivi, na sehemu kubwa ya sifa ilikuwa ya kichaka. Mbung'o hupenda kivuli, na siku ya kwanza kivuli kilikuwa kimempendelea mmoja. Ndiyo maana wataalamu wa mbung'o huizungusha mitego, kila mmoja ukakaa kila mahali kwa zamu, tena kwa siku nyingi kuliko mbili, maana siku ya mawingu si sawa na siku ya jua kali.

Kwa utaratibu huohuo, huko Nguruman nchini Kenya ilionekana kwamba chupa ya mkojo wa ng'ombe ikiwekwa chini ya mtego huongeza mbung'o wanaonaswa. Mfugaji hahitaji kuagiza kivutio hicho ng'ambo.

Mkwaja yenyewe ina historia ndefu ya mapambano haya. Kampuni ya mkonge ya Amboni ilifuga ng'ombe hapa kuanzia miaka ya 1950, katika ranchi iliyofungwa mwaka 2000 na ambayo ardhi yake imeingia Saadani. Ng'ombe walidungwa sindano za Samorin mara kwa mara kuwakinga na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Baadaye wakaanza kuogeshwa kwa deltamethrini, dawa inayomuua mbung'o anapotua kunyonya. Ng'ombe mwenyewe akawa mtego unaotembea. Mbung'o walipungua sana. Hata hivyo, anayelinganisha mwaka huu na mwaka jana lazima ajiulize mvua ilinyeshaje, vichaka vilifyekwa wapi, ni nini kingine kilichobadilika pamoja na dawa. Bila kumbukumbu za miaka mingi, maswali hayo hayajibiki. Mimi humthamini mfugaji mwenye daftari chafu la vizazi, sindano na vifo kuliko mwenye dawa kumi kabatini.

Jirani akikuambia mitishamba yake inafukuza mbung'o, usimbeze na usimwamini papo hapo. Gawa ng'ombe makundi mawili kwa kurusha sarafu, maana ukichagua kwa macho utawapaka walionona. Kundi moja lipakwe, jingine liachwe, yote yachungwe pamoja. Anayehesabu mbung'o wanaotua asijue ni wepi waliopakwa, ingawa harufu inaweza kuiharibu siri hiyo. Na atakayeugua atibiwe mara moja. Jaribio haliruhusu kumwacha mnyama afe.

Jaribio jingine, kubwa zaidi ya haya, lilifanyika ng'ambo ya bahari yetu. Katika miaka ya 1990 mbung'o walizalishwa kwa wingi katika kituo cha utafiti Tanga, madume wakapigwa mionzi wawe tasa, kisha wakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja. Jike hupandwa kwa kawaida mara moja tu maishani, kwa hiyo akikutana na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Madume hao walipakwa unga wa rangi kabla ya kuachiwa, ili aliyenaswa ajulikane kama ni wa Tanga au wa porini. Majike walipasuliwa kuangaliwa kama tumbo la uzazi lina kitu. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa Septemba 1996, lakini mitego iliachwa palepale na madume tasa wakaendelea kumwagwa mwaka uliofuata, kwa sababu mtego mtupu unaweza kuwa na maana mbili: mbung'o wamekwisha, au wamebaki wachache mno kuufikia.