Seli Shina na Saratani ya Umio: Majibu ya Maabara Yanamwambia Nini Mgonjwa?

Kaunti yetu ya Bomet imejulikana kwa miaka mingi kuwa na wagonjwa wengi wa saratani ya umio, yaani saratani ya ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mwaka 2002 madaktari wa Hospitali ya Tenwek na wenzao kutoka Marekani waliandika katika jarida la kitabibu la Lancet kwamba hapa ugonjwa huu unawapata hata vijana wa miaka 30 na chini ya hapo, jambo ambalo ni nadra sana kwingineko duniani. Tangu hapo wananchi wengi wamezoea maneno kama endoskopi, kemotherapi na stenti. Sasa linasikika neno jingine: seli shina. Kuna wanaouliza kama kipo kipimo cha seli shina kinachoweza kusema mgonjwa ataishi muda gani, na kuna wanaoshawishiwa kununua vidonge vya seli shina ili wapone. Hayo ni mambo mawili tofauti, na yote mawili yanaweza kuigharimu familia ng'ombe au kipande cha shamba bila sababu.

Tuanze na mwili wenye afya. Utando wa ndani ya umio hujifanya upya kila wakati, kwa kuwa chakula huukwaruza na vinywaji vya moto huuchoma. Chini kabisa ya utando huo kuna tabaka la seli ambazo kazi yake ni kugawanyika na kutoa seli nyingine. Seli hizo mpya husogea juu polepole, hukomaa, huchakaa, kisha hubanduka. Zile za chini hubaki zikiendelea na kazi. Hizo ndizo seli shina, na kila mtu anazo.

Wanasayansi wamegundua kuwa hata ndani ya uvimbe wa saratani, seli hazina nguvu sawa. Mwaka 1997 Dominique Bonnet na John Dick, wakifanya kazi Toronto nchini Kanada, walionyesha kwamba katika aina moja ya saratani ya damu ni seli chache tu zilizoweza kuanzisha ugonjwa upya zilipopandikizwa kwa panya. Mwaka 2003 watafiti wa Michigan, Marekani, walipata jambo linalofanana na hilo katika saratani ya matiti. Ndipo wengine wakaanza kuzitafuta seli za namna hiyo katika saratani nyingine, ikiwemo ya umio.

Mkulima aliyepambana na sangari shambani atalielewa wazo hili haraka. Ukifyeka majani, shamba litaonekana safi, lakini vipande vya mizizi vilivyobaki ardhini vitachipua tena. Dawa nyingi za kemotherapi hushambulia zaidi seli zinazogawanyika kwa kasi. Seli shina za saratani hudhaniwa kugawanyika polepole, na baadhi zina protini inayofanya kazi kama pampu ya kuisukuma dawa nje. Kwa hiyo uvimbe unaweza kunywea, mgonjwa akameza vizuri kwa miezi kadhaa, kisha ugonjwa ukarudi. Wataalamu bado wanabishana ni seli zipi hasa za saratani ya umio zinazostahili kuitwa shina, na kama seli ya kawaida ya saratani haiwezi kugeuka kuwa shina baadaye.

Seli shina haitambuliki kwa sura yake chini ya hadubini. Hutafutwa kwa alama, yaani protini ambazo inazo kwa wingi. CD44 hukaa juu ya ngozi ya seli na huisaidia kushikamana na vitu vinavyoizunguka. ALDH1 ni kimeng'enya kilicho ndani ya seli, kinachovunja kemikali zenye sumu, zikiwemo baadhi ya dawa za saratani. SOX2 hufanya kazi katika kiini cha seli, ikiwasha na kuzima jeni nyingine. Maabara huchukua kipande kile kile kidogo cha nyama kilichotolewa wakati wa endoskopi au upasuaji, hukikata kwa wembamba mno na kukipaka rangi inayoshika protini hiyo peke yake. Kisha mtaalamu wa patholojia huangalia ni sehemu kiasi gani imeshika rangi.

Tafiti za namna hii zimefanywa kwa wingi, hasa Uchina na Japani. Watafiti huchukua vipande vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, hupima alama, halafu hufuatilia nani aliishi na kwa muda gani. Zikijumlishwa pamoja, kundi lenye CD44 au ALDH1 nyingi mara nyingi limekuwa na matokeo mabaya zaidi: saratani imefika kwenye tezi, au imerudi mapema. Kuhusu SOX2 majibu yanapingana. Baadhi ya tafiti zinaihusisha na hatari zaidi, nyingine na nafuu.

Kwa nini basi daktari wako hatakuandikia kipimo hicho? Sababu ya kwanza ni kwamba CD44 na SOX2 zipo hata katika utando wa umio usio na ugonjwa wowote, kwa hiyo kuziona si ushahidi wa saratani. Ya pili, maabara hazijakubaliana kiasi gani cha rangi kihesabiwe kuwa kingi. Kipande kimoja kinaweza kuitwa chanya huku na hasi kule. Na hata pale tafiti zinapokubaliana, zinazungumzia wastani wa kundi. Ndani ya kundi lenye alama nyingi wapo walioishi miaka mingi. Isitoshe, waliochunguzwa ni wale ambao uvimbe wao uliweza kukatwa, ilhali wagonjwa wetu wengi hufika hospitalini wakati upasuaji hauwezekani tena. Muhimu zaidi, jibu la kipimo hicho halibadilishi matibabu utakayopewa leo.

Kinachobadilisha ni hatua ya ugonjwa. Madaktari huuliza mambo matatu: uvimbe umezama kiasi gani katika ukuta wa umio, je, umefika kwenye tezi za jirani, na je, umesambaa hadi viungo vya mbali kama ini na mapafu. Majibu hayo, pamoja na nguvu za mwili na uzito alioupoteza mgonjwa, yanaeleza matarajio yake vizuri kuliko alama yoyote ya seli shina iliyopo kwa sasa. Ipo alama nyingine, PD-L1, ambayo si ya seli shina. Hiyo daktari anaweza kuiomba ugonjwa ukiwa umesambaa, kwa sababu husaidia kuamua kama dawa za kuamsha kinga ya mwili zitafaa.

Tatizo la umio ni kwamba hutanuka. Uvimbe unaweza kukua kwa muda mrefu chakula kikiendelea kupita. Mtu anapoanza kusukuma ugali au nyama kwa maji, njia huwa tayari imeziba kwa kiasi kikubwa. Anayesubiri hadi uji nao ukwame amepoteza miezi ambayo hakuna maabara itakayomrudishia. Tena isifikiriwe kuwa ni vidonda vya tumbo tu kwa sababu mgonjwa ni kijana.

Ugonjwa unaweza kuonekana kabla ya dalili. Katika uchunguzi wa Tenwek uliochapishwa mwaka 2016, watu wazima 305 wa eneo hili wasio na dalili yoyote walifanyiwa endoskopi na umio wao kunyunyiziwa maji ya ayodini. Sehemu zenye afya hugeuka rangi ya kahawia, sehemu zilizoharibika hubaki bila rangi. Takriban watu 14 katika kila 100 walikuwa na mabadiliko ambayo huweza kuwa saratani baadaye. Mabadiliko yakionekana mapema, mengine yanaweza kuondolewa kwa endoskopi yenyewe, bila kufungua kifua.

Sasa vidonge. Kuna bidhaa zinazouzwa sokoni, na hata kwenye mikutano ya watu, kwa jina la seli shina. Hakuna hata moja iliyothibitishwa kutibu saratani ya umio. Upandikizaji wa seli shina unaofanywa hospitalini ni tiba ya baadhi ya saratani za damu, si ya umio. Na kama watafiti wako sahihi, seli shina za saratani ndizo zinazopaswa kuuawa, kwa hiyo muuzaji anayeahidi kuziongezea mwili nguvu ana maswali ya kujibu.

Ukiona chakula kikigota, uzito ukipungua bila sababu au sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki mbili, mwone mhamasishaji wa afya ya jamii katika kijiji chako au nenda kituo cha afya kilicho karibu ukaombe rufaa ya endoskopi. Hakikisha umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147#, kabla ya siku ya matibabu. Kipimo kikishafanywa, omba nakala ya ripoti ya patholojia na uihifadhi pamoja na namba ya sampuli iliyoandikwa juu yake. Kipande cha nyama huhifadhiwa maabara ndani ya nta, na kwa namba hiyo kinaweza kupimwa tena baadaye, iwe ni PD-L1 au alama itakayokuwa imethibitishwa, bila mgonjwa kuingizwa mpira wa endoskopi mara ya pili.