Vumbi: Adui wa Eastlands, chakula cha bahari

KILA mwaka mvua za vuli zinapokatika na jua la Januari na Februari kuanza kuwaka, wakazi wa Kayole, Dandora, Njiru, Embakasi na mitaa mingine ya Eastlands jijini Nairobi huanza vita na vumbi. Vumbi hilo hutua juu ya nguo zilizoanikwa, huingia katika sufuria za vibanda vya chakula na kuwakereketa koo watoto waendao shule kwa miguu.

Si rahisi kumwambia mama anayefua nguo zile zile mara ya pili kwa siku moja kwamba vumbi lina faida. Hata hivyo, wanasayansi wamethibitisha kwamba vumbi la udongo linalopeperushwa na upepo ni miongoni mwa virutubishi muhimu vya bahari. Iwapo litaleta faida au madhara hutegemea mahali linapofika, njia linayofuata na kiasi chake.

Katika tabaka la juu la bahari, ambamo mwanga wa jua hupenya, huishi mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho matupu. Wataalamu huiita planktoni ya mimea. Licha ya udogo wake, mimea hiyo hufanya takriban nusu ya kazi yote ya usanisinuru duniani, yaani kutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni kujitengenezea chakula na kutoa oksijeni. Huliwa na wanyama wadogo wa baharini, nao huliwa na samaki kama dagaa, ambao huliwa na samaki wakubwa kama jodari. Kwa hivyo, mimea hiyo ikipungua, nyavu za wavuvi nazo huwa tupu.

Kama mahindi ya mkulima, mimea hii huhitaji mbolea. Huhitaji nitrojeni, fosforasi na chuma kidogo sana. Ingawa takriban asilimia 5 ya ganda la dunia ni chuma, madini hayo hayayeyuki kwa urahisi katika maji ya bahari na huzama upesi. Ndiyo maana maeneo mengi ya bahari yaliyo mbali na nchi kavu yana nitrojeni tele lakini mimea haba. Huko, upepo ndio mmoja wa wachukuzi wachache wa chuma.

Aliyeifanya hoja hii ijulikane ni John Martin, mtaalamu wa bahari kutoka California, Marekani, aliyesema mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba upungufu wa chuma ndio unaodumaza mimea katika maeneo hayo. Wengi walitilia shaka. Martin alifariki mwaka 1993, miezi michache kabla ya wenzake kumwaga takriban nusu tani ya chuma katika eneo la kilomita 64 mraba karibu na visiwa vya Galapagos. Mimea iliongezeka. Jaribio la pili, mwaka 1995, lilikuwa na matokeo makubwa zaidi: maji ya samawati yaligeuka kijani.

Jambo ambalo wanasayansi walifanya kwa meli, upepo umelifanya tangu zamani. Mfano maarufu zaidi uko barani Afrika. Nchini Chad kuna bonde liitwalo Bodélé, ambalo zamani lilikuwa sehemu ya ziwa kubwa. Ziwa lilipokauka, liliacha unga mweupe wa maganda ya dayatomu, aina ya mimea hiyo hiyo midogo ya majini. Wakenya wanaweza kuuona unga wa aina hiyo katika machimbo ya Kariandusi karibu na Gilgil, ambako nako palikuwa na ziwa enzi za kale.

Upepo wa Sahara huinua unga huo pamoja na vumbi jingine na kulivusha Bahari ya Atlantiki. Kwa kutumia setilaiti, watafiti walikadiria mwaka 2015 kwamba wastani wa tani milioni 27.7 za vumbi hutua katika bonde la Amazon kila mwaka, zikiwa na takriban tani 22,000 za fosforasi. Vumbi jingine huanguka baharini njiani.

Katika Bahari ya Hindi, kazi hiyo huambatana na pepo ambazo mabaharia wa Pwani wanazijua tangu jadi. Kusi inapovuma kati ya Juni na Septemba, husukuma maji ya juu mbali na pwani za Somalia na Oman, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka kilindini. Wakati huo huo, vumbi kutoka Uarabuni na Pembe ya Afrika huongeza chuma. Bahari hustawi, na samaki hufuata chakula.

Je, vumbi la Kayole nalo hufika huko? Kwa njia ya hewa, ni nadra. Nairobi hupata pepo zake nyingi kutoka mashariki, yaani kutoka upande wa baharini, na hivyo vumbi la Eastlands husukumwa kuelekea katikati ya jiji na Bonde la Ufa. Udongo wa mitaa hiyo hufika baharini kwa njia ya maji.

Mvua ya masika inaponyesha, vumbi lililolala barabarani, kwenye machimbo ya mawe na kando ya mito huwa tope. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong hulibeba, pamoja na majitaka na uchafu kutoka maeneo kama jaa la Dandora lililo kando ya Mto Nairobi, hadi Mto Athi. Athi hupita Ukambani, ambako hupokea udongo mwingi zaidi kutoka mashambani, kisha huitwa Galana, na hatimaye Sabaki unapomwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi.

Huko udongo si mbolea ya kiasi tena. Wingu la tope huziba mwanga ambao mimea na matumbawe huutegemea, na chembe zake huyafunika matumbawe. Wakati wa kaskazi, mkondo huweza kulisukuma tope hilo kusini, kuelekea hifadhi ya bahari ya Malindi iliyoanzishwa mwaka 1968.

Matumbawe yenyewe yameweka kumbukumbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipima madini ya bariamu, ambayo husafiri na udongo wa mtoni, katika tumbawe la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300. Kiasi hicho kilikuwa kidogo na thabiti kuanzia 1700 hadi takriban 1900, kisha kikaanza kupanda katika enzi ya ukoloni, misitu ilipofyekwa na ardhi kulimwa kupita kiasi.

Aidha, vumbi linalobaki hewani halina huruma kwa binadamu. Chembe nyembamba kuliko zote, zinazoweza kusafiri mbali, ndizo pia hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Katika Eastlands, huchanganyika na moshi wa magari na wa taka zinazochomwa. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango linachopendekeza cha chembe hizo hadi mikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa kwa wastani wa mwaka.

Hata baharini kwenyewe, tahadhari imewekwa. Mwaka 2008, nchi zilizotia saini Mkataba wa London kuhusu utupaji wa taka baharini zilikubaliana kwamba kumwaga chuma kusiruhusiwe isipokuwa kwa utafiti halali, kwa kuwa mbolea ikizidi huweza kuvuruga maisha ya viumbe wengine.

Kwa wakazi wa Eastlands, hatua za kuzuia hasara hiyo zinajulikana: kutia lami barabara za mitaa, kufunika malori ya mchanga na kokoto, kupanda nyasi na miti penye udongo mtupu, na kuacha kingo za mito ziwe na mimea badala ya majengo na taka. Hatua hizo humpunguzia mama wa Kayole kazi ya kufua, humkinga mtoto wake dhidi ya kikohozi, na humwachia mvuvi wa Malindi maji safi zaidi. Bahari hupata vumbi lake kutoka majangwani. Udongo wa Eastlands una faida zaidi ukibaki Eastlands.