Daftari la Siku 30: Jua Unachokipenda Kabla ya Kulipa Karo

Kila msimu wa kujiunga na vyuo, kuna familia zinazouza mbuzi au kukopa kwenye chama ili kulipa karo. Muhula mmoja baadaye, baadhi ya vijana hurudi nyumbani wakisema kozi hiyo haiwafai. Pesa zimekwenda na mzazi hana nyingine. Mara nyingi kijana huyo si mvivu. Alifuata rafiki, au aliambiwa na mjomba kwamba kozi hiyo ina kazi.

Uamuzi huu sasa unawafikia watoto mapema. Chini ya Mtaala wa Umilisi, mwanafunzi anayemaliza Gredi ya 9 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Waliomaliza kidato cha nne nao huamua wanapotuma maombi kupitia KUCCPS, au wanapojisajili katika vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliviweka chini ya kaunti.

Njia moja isiyo na gharama kubwa ya kujiandaa ni kuandika.

Jinsi ya kuanza

Tafuta daftari la kawaida. Kila jioni, kwa siku 30, jibu maswali matatu kwa lugha yoyote unayoizoea:

1. Leo ni kazi gani iliyonifanya nisahau saa?
2. Ni kazi gani iliyonichosha hata kabla sijaianza?
3. Nani aliniomba msaada, na aliutaka wa nini?

Sentensi mbili kwa kila swali zinatosha. Andika kilichotokea, si kile unachotamani watu wakuone nacho. Asiyependa kuandika anaweza kujirekodi kwa simu.

Kusoma ulichoandika

Usiamue kwa siku moja. Kila Jumapili, soma kurasa za wiki nzima na upigie mstari yanayojirudia. Kisha jiulize ni sehemu gani hasa ya kazi hiyo inayokuvutia. Wawili wanaweza kuandika kwamba wanapenda kuuza sokoni. Mmoja hufurahia kuongea na wateja, mwingine hufurahia kupiga hesabu ya faida jioni. Wa kwanza huenda akafaa katika biashara au huduma za hoteli, wa pili katika uhasibu.

Swali la tatu lisipuuzwe. Majirani wakikuletea redio mbovu kila mara, wameona jambo ambalo wewe unaliona la kawaida.

Jaribu kabla ya kulipa

Daftari hukuonyesha pa kuanzia tu. Kupenda kazi hakuhakikishi kipato, na kazi hubadilika ukiifanya kutwa nzima. Kwa hivyo tembelea karakana, saluni, shamba au ofisi inayofanya kazi hiyo. Omba kusaidia kwa siku chache. Muulize mwenyewe anachokipata mwezi mbaya, si mwezi mzuri pekee. Kisha fika chuoni uulize kuhusu karo, muda wa kozi na mtihani unaofanywa mwishoni.

Kwa wazazi

Daftari la mtoto ni siri yake. Usilisome bila ruhusa. Akijua litasomwa, ataandika yale unayotaka kusikia, na kazi yote itakuwa bure. Badala yake, muombe akueleze mambo matatu yaliyojirudia, umsikilize hadi mwisho kabla ya kutaja kozi uliyomchagulia.

Ikiwa maombi yako yanakaribia, anza leo jioni. Ukimaliza siku 30, beba daftari lako uende kumwona mwalimu wa ushauri nasaha shuleni au mwalimu wa chuo cha ufundi kilicho karibu nawe. Mtazungumza kuhusu mambo uliyoyaona mwenyewe, si kubahatisha.