Wazee Walioendesha Malori ya Pamba

Msimu wa pamba ukifunguliwa huku Bariadi, mnamo mwezi wa Mei au Juni, kila mtu huzungumza habari ya bei. Mkulima huuliza bei, karani wa chama huuliza bei, hata mama auzaye maandazi penye mizani huuliza bei, maana riziki yake nayo imo humo humo. Ni wachache waulizao pamba hiyo itafikaje kiwandani. Zamani waliolijibu swali hilo walikuwa watu waliojulikana kwa majina kutoka Dutwa mpaka Mwanhuzi, nao ni madereva wa malori ya ushirika.

Wengi wao wamekwisha tangulia mbele ya haki. Waliobaki ni wazee wa miaka sabini na themanini. Nimezungumza na baadhi yao kwa sababu ya kazi yangu ya ukarani wa parokia. Huja ofisini kutafuta tarehe zao za ubatizo (sababu nitaieleza mbele), na mzee aliyekuja kutafuta tarehe haondoki kabla ya kusimulia safari moja au mbili. Majina yao siyaandiki, kwa kuwa hawakuja ili watiwe gazetini.

Kwanza tuukumbuke ushirika wenyewe. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma, wakiongozwa na Bwana Paul Bomani ambaye baadaye alikuwa waziri wa serikali, waliungana ili wasipunjwe tena kwenye mizani ya wanunuzi. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vyao, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo halikukawia kujipatia majineri yake, yaani viwanda vya kuchambulia pamba. Basi, pamba haina miguu. Ilitakiwa itolewe kwenye vyama vya msingi vijijini ipelekwe jineri, kisha marobota yafike kwenye gari moshi. Katika sehemu zetu jineri zilikuwa kama za Malampaka, Luguru na Ngasamo, na stesheni ilikuwa Malampaka, juu ya reli ya Tabora na Mwanza. Siku hizo Bariadi ilikuwa ndani ya wilaya ya Maswa. Mkoa wa Simiyu tunaoujua leo ulianzishwa mwaka 2012.

Mtu asiyejua hudhani pamba ni mzigo mwepesi. Wazee hucheka wakisikia hivyo. Pamba yenye mbegu hujaza lori kabla haijafikia uzito wake, kwa hiyo hupandishwa juu hata ikipita paa la chumba cha dereva, ikafungwa kwa kamba na kufunikwa turubai. Lori la namna hiyo likipigwa na upepo wa mbugani huyumba kama mlevi. Na katika kila kilo mia za pamba ya mkulima, nyuzi zitakazopatikana ni kama kilo thelathini na tano tu, mengine ni mbegu. Ndiyo kusema dereva alibeba zaidi mbegu kuliko pamba, na mwezi wa Oktoba au Novemba akazirudisha mbegu vijijini zikapandwe.

Jambo waliloliogopa kuliko yote ni moto. Cheche moja ya bomba la moshi, au sigara ya abiria aliyeomba msaada wa kupanda, yatosha. Mzee mmoja asema kwamba hakuvuta tumbaku miaka yote ya kazi, si kwa ajili ya afya wala kwa ajili ya dini, ila kwa kuiogopa pamba. Alipostaafu akaanza kuvuta. Mkewe hakufurahi.

Baada ya moto ni udongo. Msomaji wa milimani au wa pwani hawezi kujua udongo mweusi wa mbuga zetu. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu wa mtu. Ikinyesha mvua ya saa moja huwa kama uji mzito, hushika gurudumu wala hauliachi. Mto Simiyu nao, ambao kiangazi mtu huuvuka kwa kukunja suruali, huweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali huko mashariki, hali huku kwenu jua linawaka. Dereva aliyekuta maji alizima injini akangoja. Pengine alingoja siku mbili. Watu wa kijiji walimletea michembe na maziwa ya mgando, naye akawalipa kwa habari za Mwanza.

Hapa ndipo alipoonekana utingo. Dereva alikuwa na kiti. Utingo alikuwa na koleo. Yeye ndiye aliyepiga hendeli asubuhi kwenye magari ya zamani ya Bedford, aliyekata matawi ya kutandika chini ya magurudumu, aliyetia maji katika rejeta, aliyelala juu ya mzigo usiku kwa kuogopa wezi na kuamka na umande kichwani. Madereva karibu wote niliowasikia walianza kwa utingo. Walijifunza gari kwa macho, kisha kwa kulirudisha nyuma ndani ya ua wa jineri mkubwa akiwa hayupo.

Lakini neno walilolirudia mara nyingi zaidi si matope wala moto. Ni karatasi ya mzigo. Pamba ilipimwa chamani, uzito ukaandikwa, dereva akatia sahihi. Ilipofika jineri ikapimwa tena. Ikipungua, swali la kwanza huulizwa dereva. Sasa, pamba iliyouzwa na unyevu hukauka njiani na uzito hushuka bila mwizi. Tena wako wakulima wachache waliotia maji au mchanga ili mizani ipande, na mchanga hudondoka gari linaporuka mashimo. Dereva alibeba lawama ya mambo hayo yote mawili. Mzee mwingine asema alijua tarakimu kabla ya herufi, kwa sababu tarakimu ndizo zilizoweza kumtia matatani. Hakukubali kuondoka mpaka mizani isomwe mbele yake na hesabu iandikwe kwa wino, hata karani akasirike vipi. Mimi ni karani, nami naona alifanya vyema.

Malori hayo hayakubeba pamba peke yake. Mwaka 1974, katika operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, magari ya umma yalitumwa kuchukua familia na vyombo vyao. Habari hii wazee huisema kwa sauti ya chini. Dereva alipewa amri, akaenda. Wapo waliopakia milango ya nyumba, vinu, kuku ndani ya vikapu, na bibi kizee aliyekataa kuketi mbele akataka kukaa na mitungi yake. Wengine waliwahamisha ndugu zao wenyewe. Sikuwauliza zaidi.

Mwezi wa Mei 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na pamba ikawa mikononi mwa Mamlaka ya Pamba. Madereva wengi waliendelea na magari yale yale chini ya bwana mwingine. Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, malori ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kupeleka askari na vyakula mpaka wa Uganda. Vita vilipokwisha, nchi ilikuwa haina fedha za kigeni, wala mipira, wala vipuri. Hiyo ndiyo miaka ambayo pamba ililala vijijini ikingoja gari, na gari lililala karakana likingoja springi. Ushirika ulirudishwa mwaka 1984, lakini haukudumu katika nguvu zake. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuanzia mwaka 1994, walikuja na magari yao na madereva wao, na malori ya vyama yakaota nyasi.

Sasa nieleze habari ya tarehe za ubatizo. Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, uliojulikana kwa herufi NPF, ulianzishwa mwaka 1964, na mwaka 1997 ilipitishwa sheria ya kuugeuza kuwa NSSF. Mwajiri na mfanyakazi walichangia. Mzee aliyeajiriwa kwa barua, akaandikishwa na akaitunza kadi yake, ana jambo la kuonyesha. Lakini wengi walizaliwa kabla ya mtu kufikiria cheti cha kuzaliwa, na miaka waliyoandika kazini ni ya kukisia: mmoja aliandikiwa mwaka kwa kutazamwa ndevu. Daftari letu la ubatizo ndilo pekee linaloonyesha tarehe iliyoandikwa akiwa mtoto. Nimeona jina la mzee katika wino uliofifia, na majina ya wazazi na msimamizi wake, likitofautiana na kadi yake kwa miaka minne.

Kwa wale waliobatizwa wakubwa daftari halisaidii sana. Na kwa utingo husaidia kidogo kuliko wote, maana utingo mara nyingi alikuwa kibarua wa msimu, alilipwa mkononi mwisho wa juma, hakuwa na barua wala kadi. Mwaka huu alikuja mmoja. Alifanya kazi hiyo misimu kumi na mmoja, na dereva wake amekwisha kufa. Tarehe yake niliipata, nikamwandikia cheti. Akakikunja akakitia mfukoni, akaniuliza kama palikuwa na daftari lingine lolote ambamo jina lake lingeweza kuwamo. Nikamwambia huku kwetu limo pia katika daftari la ndoa.