Chaguo la Kwanza Lina Uzito Gani? Kanuni za Kugawa Nafasi katika Shule Teule za Sekondari

Fomu ya maombi ya shule za sekondari zinazochagua wanafunzi kwa alama huwa na mistari michache yenye namba: chaguo la kwanza, la pili, la tatu na kuendelea. Familia nyingi huijaza zikiamini kwamba zinaeleza tu kile mtoto anachokipenda. Lakini namba hizo huingia katika kanuni ya kugawa nafasi, na kanuni zenyewe hazifanani. Mpangilio uleule unaompatia mtoto shule nzuri katika mji mmoja unaweza kumnyima shule zote nzuri katika mji mwingine, alama zake zikiwa zilezile. Ndiyo maana swali la shule ipi ni bora hutanguliwa na swali jingine: wagawaji watazifanyia nini namba hizo?

Kanuni zinazotumika duniani ni nyingi kwa sura, ila kwa jambo hili zinaweza kuwekwa katika makundi mawili. Katika kundi la kwanza, shule huanza na walioiandika chaguo la kwanza, ikawapanga kwa alama na kuwapa nafasi moja kwa moja. Nafasi zikibaki, ndipo hufikiriwa walioiandika chaguo la pili. Hii inaweza kuitwa kanuni ya chaguo kwanza. Katika kundi la pili alama ndizo zinazotangulia: wanafunzi wote hupangwa kwenye foleni moja kuanzia mwenye alama za juu kabisa, na kila mmoja zamu yake ikifika hupewa shule iliyo juu zaidi katika orodha yake ambayo bado ina nafasi. Hii ni kanuni ya alama kwanza.

Tofauti ya kanuni hizi mbili huonekana wazi kwa mfano mdogo. Kuna shule tatu, Kaskazini, Kati na Kusini, kila moja ikiwa na nafasi moja, na wanafunzi watatu wenye alama 880, 860 na 840. Wawili wa juu wote wanaitaka Kaskazini kwanza, kisha Kati, kisha Kusini. Mwenye 840 anaitaka Kati kwanza. Chini ya kanuni ya chaguo kwanza, Kaskazini inamchukua mwenye 880, na Kati inamchukua mwenye 840 kwa kuwa ndiye pekee aliyeiweka juu. Mwenye 860 anafika Kati akiwa na chaguo la pili na kukuta mlango umefungwa. Anaishia Kusini, huku aliye chini yake kwa alama ishirini akipata shule aliyoikosa yeye. Laiti angeficha mapenzi yake na kuandika Kati juu, angeipata. Chini ya kanuni ya alama kwanza, mwenye 880 anapata Kaskazini, mwenye 860 Kati, mwenye 840 Kusini, na hakuna aliyelazimika kuficha kitu.

Mji wa Boston nchini Marekani ulitumia kanuni ya chaguo kwanza kwa shule zake za kawaida hadi mwaka 2005. Huko hazikuwa alama zilizopanga foleni, bali vipaumbele: kuwa na ndugu shuleni, kuishi umbali wa kutembea, na mwishowe bahati nasibu. Hata hivyo kasoro ilikuwa ileile. Wazazi wenye muda na mawasiliano walikutana, wakalinganisha takwimu za miaka iliyopita na kushauriana: usipoteze chaguo la kwanza kwa shule inayogombewa, tafuta shule nzuri isiyojaa na uiweke juu, au walau uiweke ya pili. Mzazi aliyefanya kazi zamu mbili, au mgeni asiyekijua Kiingereza, alijaza fomu kwa uaminifu na mwanawe akalipa gharama. Hili ndilo shtaka zito kuliko yote dhidi ya kanuni hiyo. Inapokonya nafasi kutoka kwa wasema kweli na kuwapa wajuzi wa fomu, na ujuzi wa fomu haugawanywi sawa katika jamii. Wanauchumi Atila Abdulkadiroğlu na Tayfun Sönmez waliieleza kasoro hiyo katika makala ya mwaka 2003, na miaka miwili baadaye kamati ya shule ya Boston ikaiacha kanuni hiyo.

Kwa shule zinazochagua kwa mtihani, Chicago ni mfano unaofundisha zaidi. Mji huo una shule teule za umma kama vile Walter Payton, Northside, Whitney Young, Jones na Lane Tech, na kila mwaka maelfu ya watoto wa darasa la nane huzigombea. Hadi mwaka 2009 kila mwombaji aliandika shule zisizozidi nne, na shule ziliwatazama kwanza walioziweka juu. Mwaka huo maofisa waligundua kwamba watoto wenye alama za juu sana walikuwa wakikataliwa kwa sababu ya mpangilio wa fomu peke yake. Wakafanya jambo lisilo la kawaida: walibadili kanuni katikati ya msimu wa maombi, fomu zikiwa zimekwisha kurudishwa, na kuwaomba wazazi wazipange upya. Mwaka uliofuata idadi ya machaguo ikaongezwa kutoka nne hadi sita.

Foleni ya Chicago ina sura yake. Mwombaji hupimwa kwa alama 900, zinazotokana na maksi za darasani na mtihani. Baada ya amri ya mahakama iliyohusu mchanganyiko wa rangi shuleni kuondolewa mwaka 2009, mji uligawanya mitaa yake katika ngazi nne kwa kuangalia mambo kama kipato cha familia, elimu ya watu wazima na umiliki wa nyumba. Sehemu ya nafasi za kila shule, ambayo baadaye iliwekwa kuwa asilimia 30, hugombewa na wote kwa alama. Zinazobaki hugawanywa kwa ngazi hizo nne, na watoto wa kila ngazi hushindana wao kwa wao. Matokeo yake ni kwamba shule moja haina alama moja ya mwisho ya kuingilia. Ina tano. Mzazi anayesoma alama za mtaa usio wake hujitisha bure, au hujipa moyo bure.

Pale ambapo shule zinatofautiana katika vigezo, moja ikitaka maksi za darasani na nyingine usaili au onyesho la kipaji, foleni moja haitoshi. Suluhisho lilitolewa mwaka 1962 na wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley. Kila mwombaji hupelekwa kwanza kwenye chaguo lake la juu. Shule huwashikilia kwa muda walio bora kwa vigezo vyake, kwa idadi ya nafasi ilizo nazo, na kuwaachia wengine, ambao huenda kwenye chaguo linalofuata. Shule ikipata wageni wapya, huwalinganisha na inaowashikilia bila kujali nani aliiandika ya ngapi, na inaweza kumwachia aliyekuwa ndani ili impokee anayemzidi. Mzunguko huendelea hadi pasiwepo anayekataliwa tena. Hapo tu ndipo nafasi huwa za kudumu. Nguvu yote ya utaratibu huu imo katika kule kushikilia kwa muda. Mtoto aliyejaribu shule ya ndoto yake na kukataliwa hufika kwenye chaguo la pili bila kuwa amechelewa. Ilithibitishwa baadaye kihisabati kwamba mwombaji hawezi kujinufaisha kwa kudanganya kuhusu mapenzi yake. Shapley, pamoja na Alvin Roth aliyeupeleka utaratibu huu katika matumizi, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012. Gale alikuwa amefariki mwaka 2008.

Jiji la New York liliuchukua utaratibu huo kwa sekondari zake katika udahili wa mwaka 2003 na 2004. Kabla ya hapo wanafunzi waliandika programu tano, shule ziliona zimewekwa nafasi ya ngapi, na nyingine hazikumtazama asiyeziweka juu. Katika waombaji wapatao 100,000 kila mwaka, kiasi cha 30,000 walipelekwa shule wasiyoiandika kabisa. Katika mwaka wa kwanza wa utaratibu mpya, uliowaruhusu machaguo 12, idadi hiyo ilishuka hadi karibu 3,000. Shule nane za mtihani maalumu, zikiwemo Stuyvesant na Bronx Science, zina mlango wao: mtihani mmoja, foleni moja ya alama, na kila mtoto hupewa shule ya juu kabisa katika orodha yake iliyobakiwa na nafasi foleni inapomfikia.

Basi chini ya kanuni ya alama kwanza, au ya Gale na Shapley, ushauri ni mfupi: shule zipangwe kwa namna zinavyopendwa kweli. Kuiweka juu shule ngumu hakupunguzi nafasi ya kuipata iliyo chini yake. Kuiweka juu shule rahisi kwa hofu kunaweza kuleta hasara, kwa sababu mtoto akifaulu kuliko ilivyotarajiwa, atapewa ileile rahisi na orodha yake itakomea hapo. Hata hivyo hofu hii huwatawala wazazi wengi, na hurithiwa kutoka enzi ambazo kanuni zilikuwa nyingine.

Ugumu hurudi pale fomu inapokuwa na mistari michache kuliko shule zinazotamaniwa. Mtoto anayejaza mistari sita yote kwa shule zilizo juu ya uwezo wake atabaki mikono mitupu, hata kama angeipata ya saba. Hapa ni lazima kutenganisha maamuzi mawili ambayo kwa kawaida hufanywa kwa pamoja. Uamuzi wa shule zipi ziingie kwenye fomu unahitaji hesabu: mbili au tatu zinazotamaniwa hata kama ni ngumu, kadhaa zinazolingana na uwezo wa mtoto, na angalau moja ambayo kwa makadirio ya busara ataipata. Uamuzi wa mpangilio hauhitaji hesabu hata kidogo. Zikishateuliwa, zipangwe kwa mapenzi, maana katika kundi hilohilo la shule hakuna mpangilio mwingine unaoweza kumpa mtoto matokeo bora zaidi.

Alama za mwisho za mwaka uliopita husaidia katika uamuzi ule wa kwanza, mradi zisomwe kwa uangalifu. Alama hiyo haipangwi na shule. Ni alama ya mtoto wa mwisho aliyeingia, na hupanda au kushuka kulingana na walioomba mwaka ule, ugumu wa mtihani na idadi ya nafasi. Wala si kipimo cha ufundishaji. Abdulkadiroğlu, Joshua Angrist na Parag Pathak walipowalinganisha watoto wa Boston na New York walioingia shule za mtihani kwa chupuchupu na waliozikosa kwa alama chache, hawakuona tofauti kubwa katika matokeo yao ya baadaye ya mitihani. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2014, haufuti sababu za kuitaka shule fulani, lakini unawapa wazazi ruhusa ya kuuliza mambo mengine kwa uzito zaidi: safari ya kila siku ina urefu gani, masomo yapi yanafundishwa, mtoto mwenyewe anajisikiaje akiwa pale.

Wakati wa kujaza nao hubadili hesabu. Mtoto wa New York hupanga shule za mtihani maalumu kabla ya kujua matokeo. Mwanafunzi wa Kenya katika miaka ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, naye aliandika shule za kitaifa na za ngazi nyingine kabla ya kuuona mtihani. Wanaochagua gizani wanahitaji orodha yenye shule za uwezo mbalimbali. Uingereza, kwa shule za England zipatazo 163 zinazochagua kwa mtihani wa miaka kumi na moja, kanuni zinazitaka mamlaka zijitahidi kuwapa wazazi matokeo kabla ya tarehe 31 Oktoba, siku ya mwisho ya fomu. Mzazi wa huko anajua kama mtoto amefaulu. Kitu asichokijua ni kama kufaulu kutatosha, kwa kuwa shule nyingine huwapanga waliofaulu kwa alama na nyingine kwa ukaribu wa nyumbani.

England ilipiga marufuku kanuni ya chaguo kwanza kwa mwongozo wa udahili wa mwaka 2007. Shule haziruhusiwi kutumia nafasi iliyowekwa kwenye fomu kama kigezo. Ni halmashauri inayotumia mpangilio, na huutumia mwishoni tu, pale mtoto anapostahili shule zaidi ya moja, ili imbakizie iliyo juu zaidi. Kuandika shule moja peke yake kwa matumaini ya kuilazimisha impokee mtoto hakusaidii kitu. Asipoipata, halmashauri humpeleka popote penye nafasi, mara nyingi mbali, baada ya waliojaza mistari yote kwisha kupewa za kwao.

Majibu ya England hutolewa tarehe 1 Machi au siku ya kazi inayofuata, na kila mtoto hupewa shule moja. Kuipokea hakumwondoi kwenye orodha za kungojea za shule alizoziweka juu zaidi, wala hakumnyimi haki ya kukata rufaa, kwa hiyo hakuna faida ya kuikataa kabla nyingine haijapatikana. Orodha hizo za kungojea hudumishwa angalau hadi tarehe 31 Desemba ya mwaka wa kuingia. Hupangwa kwa vigezo vilevile vya udahili na hupangwa upya kila jina linapoongezwa, hivyo mtoto aliyekuwa wa tatu mwezi Aprili anaweza kuwa wa tano mwezi Juni bila kosa la mtu yeyote.