Wapangao Malezi

Vijana wetu wasomao hupenda kupanga barabara na mabwawa. Wachache mno waombao kazi ya kupanga malezi ya watoto wachanga. Twawaomba wautazame mji wa Kingston, Jamaika. Mwaka 1986 Daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake walianza kuwapeleka wahudumu wa afya nyumbani kwa watoto waliodumaa, saa moja kila juma kwa miaka 2, wakiwaonyesha akina mama namna ya kucheza na wana wao kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye mapato ya watoto hao yaliwapita wenzao wasiopata malezi hayo kwa asilimia 25.

Lakini ni waziri gani, tusifichane, atakayengoja miaka 20? Hapo ndipo mpangaji wa malezi apaswapo kusimama kudai fungu lake, na kwanza mshahara wa hao waendao nyumba kwa nyumba.